Breki ya mbele inalegea, nikipampu inarudi: nitengeneze mwenyewe au niache?

Shikamoo dada,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo nakuandikia, naomba usinicheke. Nimenunua pikipiki iliyotumika, mbele ina diski, nyuma ina breki ya drami, na kuendesha kwenyewe bado najifunza, kona nakata kwa uoga na nikisikia gari kubwa nyuma yangu najisogeza pembeni mpaka lipite. Sasa shida yangu ni breki, na hapo ndo nimekwama kabisa.

Ya mbele nikiiminya mara ya kwanza mkono unaenda mpaka unakaribia kugusa hendo, laini tu, hausikii kitu. Nikiminya haraka haraka mara mbili tatu inakuwa ngumu na inashika. Nikiiacha kidogo nikirudi imelegea tena. Juu yake inapiga kelele, mlio mwembamba ule wa kuumiza masikio, mpaka watu wanageuka. Nilipeleka kwa fundi akafungua kile kikopo cha kwenye hendo akaongeza mafuta ya breki akafunga, ikawa nzuri nikafurahi, alafu baada ya siku chache ikarudi vilevile. Nikamrudia, akaongeza tena. Sasa hivi nikichungulia kile kidirisha cha kikopo mafuta yapo chini ya mstari tena.

Ya nyuma haina kelele ila pedali inashuka sana kabla haijashika, na ikishika haishiki kivile.

Kuna jirani kaniambia kelele ya diski nipulizie oili kidogo tu itatulia. Sijafanya, moyo ulikataa. Kaka yangu naye anasema breki ya mbele niachane nayo kabisa maana inapindua watu, nitumie ya nyuma tu na gia. Sijui nimsikilize nani. Spana ninazo, seti niliyopewa pamoja na pikipiki, lakini kufungua breki naogopa, naona nitafunga kitu vibaya nikajiue mwenyewe. Na gereji naona aibu, nikifika wananiuliza tatizo ni nini nashindwa kueleza, naishia kusema "haishiki vizuri", basi wanafanya wanachojua wao.

Hivi dada, hili tatizo naweza kulijua mwenyewe? Na kuna chochote naweza kutengeneza kwa mikono yangu au nitulie tu?

Muoga wa Breki

*

Marahaba mdogo wangu,

Kwanza kabla hujasoma mbele, hiyo pikipiki ipaki. Sio utaendesha taratibu, sio utaendesha hapo karibu tu, ipaki. Breki inayotaka kupampiwa ndo ishike ina siku yake ambayo utapampu na haitakuja, na siku hiyo huwa haikupi taarifa.

Pili, huyo jirani wa oili kwenye diski. Moyo wako umekuokoa. Diski inafanya kazi kwa msuguano na oili kazi yake ni kuondoa msuguano, ukipulizia pale kelele itatulia kweli, na breki nayo itatulia. Alafu pedi, yale mabamba yanayobana diski, zinanyonya ile oili, ukifuta diski ikang'aa bado pedi zimelowa ndani, na pedi zilizolowa mara nyingi ni za kutupa. Hata ile dawa ya kupuliza mnyororo inabidi uwe makini isirukie kwenye breki, ziba diski na kitambaa kabla hujapuliza.

Sasa turudi kwenye kikopo, maana hapo ndo stori yako yote ilipo. Mafuta ya breki hayaliwi. Hayachomwi kama petroli, hayapungui kwa kutumika kama oili ya injini inayoungua kidogo kidogo. Yamefungiwa humo ndani, kutoka kwenye kikopo kuingia kwenye masta, ile pampu ndogo hapo kwenye mkono wa breki, yanashuka na hosi mpaka kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana diski huko chini, mwisho wa safari. Kwahiyo yakipungua kuna sababu mbili tu. Ya kwanza, pedi zimeisha. Pedi zikilika pistoni za kalipa zinatoka nje zaidi kuzifuata, na mafuta yanajaza ile nafasi nyuma ya pistoni, ndo kikopo kinashuka. Hii inachukua muda mrefu sana, ni kitu cha miezi, huwezi kukiona ndani ya siku chache. Ya pili ni kwamba yanavuja. Yako yamejazwa, yakashuka, yakajazwa, yakashuka. Mdogo wangu yako yanavuja, na fundi wako hakutengeneza kitu, alificha dalili mara mbili.

Alafu angalia kilichofuata. Mafuta yakishuka sana kwenye kikopo masta inaanza kuvuta upepo badala ya mafuta. Mafuta hayabonyei, ukiyasukuma huku yanasukuma kule, ndo maana nguvu ya vidole vyako inafika kwenye pedi. Upepo unabonyea. Ukiminya mkono unaanza kuubana upepo kwanza, pedi zipo pale pale, ndo ule ulaini unaousema. Ukipampu haraka unasukuma mafuta mengine kabla ya yale ya kwanza hayajarudi, mpaka upepo ukabanika vya kutosha, breki inakuwa ngumu. Ukiachia, yanarudi, unaanza upya. Kuongeza mafuta juu hakutoi upepo ulioshuka chini, kwahiyo hata kama hakuna kuvuja, bado hiyo breki isingepona kwa chupa peke yake.

Hayo nakwambia kwa kusoma barua tu, sijaiona pikipiki. Sasa wewe nenda uithibitishe, na kwa kazi hii hutashika spana hata moja kwahiyo usiogope, huwezi kuharibu.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati sehemu iliyonyooka. Pampu mpaka mkono uwe mgumu, alafu usiachie, endelea kuubana kwa nguvu ile ile ya kawaida kama nusu dakika hivi ukiwa umetulia. Sikiliza vidole. Ukibaki pale pale mgumu, vizuri. Ukiona unazama polepole kuelekea kwenye hendo wakati wewe hujaongeza nguvu, basi mafuta yanatoroka sehemu wakati unabana. Inaweza kuwa yanatoka nje, utaona unyevu, au yanapita ndani ya masta yenyewe kwa sababu zile sili za mpira zimechoka, hapo nje kutakuwa kukavu kabisa na kikopo hakipungui. Chako kinapungua, kwahiyo mi naanza na nje.

Sasa tafuta unyevu. Chukua kitambaa kikavu ufute kila kitu kuanzia juu mpaka chini, kikopo, chini ya mkono wa breki, maungio ya hosi juu na chini, kalipa yote, na upande wa ndani wa ringi. Ukishafuta tandika karatasi nyeupe chini ya kalipa na nyingine chini ya mkono wa breki. Bana breki mara nyingi, bana uishikilie, achia, bana tena, alafu iache kama hata usiku mzima. Ukirudi angalia. Sehemu za kuangalia kwa makini ni hizi: pale mkono wa breki unaposukuma masta kuna kimpira kidogo kama kikofia, kikunje kwa ncha ya kidole uone ndani yake, kukiwa kumelowa sili ya masta imekufa hata kama nje kunaonekana kukavu. Alafu ile bolti inayoshika hosi, juu na chini, ina washa mbili za shaba au alumini, moja kila upande, hizo zikitumika tena na tena zinaanza kuvujisha. Hosi yenyewe ipinde kidogo kidogo uone kama ina mipasuko, hasa pale inapokunjika usukani ukikata kona. Na mwisho kalipa, pale pistoni zinapotokea. Ukikuta vumbi la breki limegandamana limekuwa tope jeusi lenye unyevu wakati kwingine ni vumbi kavu, umeshampata mwizi wako. Mafuta ya breki ukiyashika yanateleza ila ukimwagia maji yanaoshika vizuri, tofauti na oili ya injini au ya shoku inayokataa maji. Shoku ya mbele ikivuja inaweza kushuka mpaka kwenye kalipa ikakudanganya, kwahiyo usikimbilie kuhukumu.

Na uyafute haraka yakimwagikia kwenye tangi au madigadi, osha na maji mengi, yanakula rangi vibaya sana. Macho pia uyalinde.

Pedi nazo unaziona bila kufungua. Chukua tochi ya simu, uchungulie kalipa kwa nyuma au kwa chini, utaona diski katikati na kila upande bamba la chuma lenye kitu kimegandishwa juu yake, hicho kilichogandishwa ndo pedi yenyewe, kile cha chuma ni mgongo tu. Usihesabu chuma. Nyingi zina mfereji umechorwa katikati, mfereji ukishapotea zimeisha. Kama huoni mfereji na unene umebaki chini ya milimita 2, badilisha. Angalia zote mbili, maana pistoni moja ikigoma pedi moja inaisha na nyingine bado nene, na watu wengi wanachungulia ile ya upande rahisi wanaondoka wameridhika. Diski ipitishie ukucha, mikwaruzo midogo ni kawaida, mifereji inayokamata ukucha inamaanisha kuna siku chuma kilisaga chuma. Unene wa mwisho wa diski huwa umegongwa pale pale kwenye diski yenyewe, tafuta herufi MIN TH na namba ya milimita, ikishapimwa chini ya hapo ni ya kubadilisha.

Kelele peke yake isikutishe sana. Breki inaweza kulia kwa vumbi, kwa pedi kung'aa usoni, kwa kale kabamba ka chuma kanakozuia pedi isitikisike kuwa hakapo, au kwa pedi kuisha. Ila yako inalia na inavuja, na mafuta yakishafika kwenye pedi hizo pedi usizipiganie. Hapa kuna mpangilio nataka uushike kwa sababu hela za watu wengi zinapotelea hapa: unaziba kwanza panapovuja, alafu ndo pedi mpya, alafu ndo unatoa upepo. Ukianza na pedi mpya wakati kalipa bado inatoa mafuta utazilowesha na hizo.

Sasa umeuliza utengeneze mwenyewe au uache. Jibu langu ni nusu kwa nusu, na nusu yako ni ya nyuma.

Breki ya drami haina mafuta wala upepo, ni chuma kinavuta chuma. Ukikanyaga pedali kuna fimbo ndefu inavuta kimkono kidogo pembeni ya ringi, kimkono kinazungusha kamu ndani, kamu inatanua brek shuu, zile pedi za ndani, zikabane drami. Shuu zikilika inabidi kamu izunguke zaidi ndo zifike, ndo maana pedali yako inashuka sana. Mwisho wa ile fimbo kuna nati moja. Hiyo nati ndo kazi yako ya kwanza ya ufundi hongera.

Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma liko hewani na gia iko huru, bonyeza pedali kwa mkono uone inashuka kiasi gani kabla hujasikia upinzani. Pikipiki nyingi zinataka milimita 20 mpaka 30 pale ncha ya pedali. Yako bila shaka imepita. Izungushe nati kuelekea kulia, na ukiiangalia vizuri utaona uso wake umechongwa kimviringo ukaliwe na pini ya kile kimkono, kwahiyo haikai popote, inakaa kila baada ya nusu mzunguko, utasikia imeingia tak. Ikiachwa imekaa juu juu haijaingia kwenye pini, ukiendesha itajikalisha yenyewe na breki inalegea tena, na wewe utadhani umelogwa. Zungusha nusu, zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga, angalia. Nusu nyingine, hivyo hivyo. Ukisikia shuu zinagusa mfululizo na gurudumu linakuwa zito, umezidisha, rudi nyuma nusu au mzima. Kugusa kidogo kidogo sehemu moja kwa mlio mwepesi hakuna neno, ila gurudumu lizunguke huru. Ukiibana kupita kiasi drami inapata moto mwendo mzima, shuu zinaungua uso zinakuwa kama kioo, na ile breki uliyoitafuta inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ukishamaliza washa swichi ukanyage uone taa ya breki nyuma inawaka mapema, sio mpaka ukandamize. Pedali ikibadilika taa nayo hubadilika, ina kaspringi kake na nati yake ya plastiki ya kurekebisha. Watu wanasahau hii kila siku.

Kuna alama ya kujua kama nati itakusaidia au shuu zimeshakwisha. Pale kwenye kile kimkono, kwenye pikipiki nyingi kuna kimshale, na kwenye bamba la drami kuna alama. Kanyaga pedali mpaka mwisho mwombe mtu aangalie, kimshale kikifika kwenye alama au kuipita, shuu zimeisha, usihangaike kubana nati. Kama mshale haupo, angalia ile fimbo na kile kimkono ukiwa umekanyaga, vikitengeneza pembe iliyopita nyuzi 90 umefika mwisho, kamu imeshapinduka sana na hata ikitanua haina nguvu, inaweza hata kugoma kurudi. Na kama shuu bado nene umebana vizuri na bado haishiki, ndani kuna kitu: grisi imeyeyuka kutoka kwenye kamu au beringi ikalowesha shuu, au zimeng'aa. Hapo gurudumu linatoka, na ukifungua drami usipulize lile vumbi kwa mdomo. Lile vumbi sio la kuvuta, shuu na pedi nyingine hasa za zamani zimewahi kutengenezwa na asbesto. Futa na kitambaa kilicholowa maji.

Breki ya mbele kwa mara ya kwanza mpelekee fundi, mwingine ikiwezekana, maana huyo wa chupa mi simwelewi. Ila usiende kama ulivyoenda mwanzo. Aibu yako inatoka wapi? Hujui jina la kifaa, basi usitaje kifaa. Taja ulichokiona. Mwambie hivi: "Mkono wa mbele unaenda mpaka karibu na hendo, nikipampu unakuwa mgumu, nikishikilia unazama au hauzami, mafuta yanapungua ndani ya siku chache, na unyevu nimeuona hapa." Alafu mwonyeshe kwa kidole ile karatasi. Fundi akisikia maelezo ya hivyo anajua hapa hawezi kuongeza chupa akasema tayari. Wanaokosea ni wale wanaokuja wakisema "badilisha masta", fundi anabadilisha masta kweli, hela imeenda na kalipa bado inavuja.

Alafu mwombe ukae hapo. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, na yule wa pili anaweza kuwa wewe. Yeye anakaa chini kwenye kalipa ambako kuna kaskrubu kenye kitundu katikati, kana kikofia cha mpira, anavika kamrija kanakoonyesha ndani na mwisho wake anauzamisha kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Wewe unakaa kwenye mkono wa breki. Unapampu taratibu, unabana unashikilia, unamwambia "nimeshika". Yeye anafungua skrubu kidogo, mafuta na mapovu yanatoka, mkono wako unazama mpaka mwisho, HUACHII, anafunga skrubu, anakwambia "achia", unaachia. Ukiachia kabla hajafunga umevuta upepo ule ule urudi ndani, mnaanza upya. Mnarudia mpaka mapovu yaishe, na kila baada ya kufungua mara chache anaongeza mafuta juu, kikopo kisikauke hata kidogo. Kama mapovu yameisha na mkono bado laini kidogo, mara nyingi kuna povu limeng'ang'ania juu kabisa karibu na masta, maana upepo unapanda. Wanakata usukani ile masta iwe sehemu ya juu kuliko vyote, wanaigonga gonga kwa mpini wa bisibisi, wanaminya mkono kidogo kidogo tu, utaona vipovu vinachomoza kwenye kikopo. Mi napenda sana hiyo sehemu.

Ukishafanya hivyo mara moja ukiwa na mtu anayejua, safari ijayo utafanya mwenyewe na uoga utakuwa umepungua wenyewe. Isipokuwa kama pikipiki yako ina ABS, ule mfumo wa kuzuia gurudumu lisigande ukifunga breki, hiyo waachie wenye vifaa vyake.

Mafuta yenyewe: mfuniko wa kikopo umeandikwa DOT 3 au DOT 4, weka kilichoandikwa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo, jina linafanana tu. Chupa iwe mpya, haijafunguliwa, maana haya mafuta yananyonya unyevu wa hewani hata yakikaa tu. DOT 4 ikiwa mpya lazima ivumilie angalau nyuzi joto 230 ndo ichemke, ikishanyonya maji kiwango kinaruhusiwa kushuka mpaka 155. Sasa mtu anashuka mlima mrefu ameshikilia breki muda wote, kalipa inapata moto, yale mafuta ya zamani yanachemka humo ndani, yanakuwa mvuke, na mvuke nao unabonyea kama upepo. Breki inapotea katikati ya mteremko, akisimama ikipoa inarudi, anaapa pikipiki ina mashetani. Ndo maana yanabadilishwa yote kila baada ya miaka 2 hata kama hayavuji. Yakiwa kahawia iliyokolea ni ya zamani. Na mtu yeyote akitaka kujazia oili ya injini au hidroliki mle ndani mnyang'anye chupa, zile sili za mpira zinavimba na hapo hutabadilisha moja, utabadilisha zote.

Akiweka pedi mpya kuna kitu kimoja nakuomba, hata kama fundi ni mzuri. Kuweka pedi nene lazima pistoni zirudishwe ndani kwa kusukumwa. Zikisharudishwa, mkono wa breki wa kwanza hauna kitu, unaenda mpaka hendo, kwa sababu pistoni zipo mbali na pedi. Kabla hujapanda, kabla hujawasha injini, pampu mpaka mkono uwe mgumu. Kuna watu wametoka gereji na breki mpya kabisa wakaingia moja kwa moja ukutani kwa sababu hii tu. Na zikiwa mpya hazishiki vizuri mwanzoni, zinataka kuzoeana na diski, kwahiyo siku za kwanza unapunguza mwendo taratibu mara nyingi nyingi, usifunge breki za ghafla isipokuwa lazima.

Ukienda kujaribu usianze na barabara. Isukume kwa mguu ikiwa imezimwa, bana ya mbele, isimame. Isukume tena, kanyaga ya nyuma, isimame. Alafu sehemu tupu iliyonyooka kwa mwendo wa kutembea. Ukirudi gusia kalipa na drami kwa mbali kwanza, zote ziwe na joto la kawaida, mojawapo ikiwa inachoma wakati hukufunga breki sana, kuna kitu kinabana hakiachii. Na siku nyingine ukisikia mkono mgumu kama jiwe lakini pikipiki haisimami, huo sio upepo, hizo ni pedi zilizolowa au zilizong'aa, au pistoni imegoma. Mkono ukikupiga piga vidole kwa mapigo, angalia diski kama imepinda.

Limebaki la kaka yako. Namheshimu lakini hapo hapana. Ukifunga breki uzito wote wa pikipiki na wako unaegemea mbele, tairi ya mbele inakandamizwa chini na ya nyuma inakuwa nyepesi, kwahiyo anayetumia ya nyuma peke yake anatumia tairi ambayo tayari inataka kuteleza. Nguvu kubwa ya kusimama ipo mbele. Wanaopinduka ni wale wanaoikamata kwa ghafla, au wameibana kali ndani ya kona, au kwenye mchanga na kokoto. Wewe tumia zote mbili pamoja, ya mbele kwa vidole viwili ukiongeza kidogo kidogo, iminye usiinyakue, na uwe umenyooka. Hilo ndo la kufanyia mazoezi kwenye uwanja mtupu, baada ya breki kupona sio kabla.

Kwa leo fanya ile ya karatasi nyeupe na ile nati ya nyuma. Ukishaona unyevu umetokea wapi niandikie kabla hujanunua kifaa chochote.